Mnara Unaposhuka: Fani ya Sarakasi Isiyo na Wanyama

Katika Möbius, onyesho ambalo kundi la Kifaransa la Compagnie XY lilitunga mwaka 2019 kwa kushirikiana na mtunzi wa dansi Rachid Ouramdane, kuna tendo linalorudi tena na tena. Watu wanne wanasimama wima, kila mmoja juu ya mabega ya mwenzake, hadi kichwa cha yule wa nne kinakaribia mita 6 kutoka sakafuni. Hakuna kamba iliyowafunga, wala wavu uliotandazwa chini yao. Kisha nguzo nzima inaanza kuinama. Inalala ikiwa imenyooka, polepole mwanzoni, halafu kwa kasi, na pale ambapo yule wa juu angejigonga pameshajaa mikono. Anapokewa, anawekwa chini, anatembea, na muda si mrefu yeye mwenyewe yumo miongoni mwa wanaompokea mwingine.

Sarakasi ya zamani ingeishia pale juu. Mnara ukikamilika, ngoma ingelia, yule wa juu angenyoosha mikono, watazamaji wangeshangilia, na kushuka kungekuwa shughuli ya kumalizwa haraka ili zamu inayofuata ianze. Möbius imegeuza mizani hiyo. Watu wanapanda bila mbwembwe, kileleni hakuna anayepunga mkono, na macho ya mtazamaji yanafundishwa kungoja kitakachofuata. Nashikilia kwamba hapo ndipo sarakasi isiyo na wanyama ilipopata fani yake yenyewe. Kumtoa tembo hemani kulikuwa hatua ya lazima, lakini fani mpya ilizaliwa pale watunzi walipoacha kukitukuza kilele, wakaanza kuutunga mshuko.

Alichoandika farasi

Mwaka 1768, jijini London, askari wa zamani wa kikosi cha farasi aitwaye Philip Astley alianza kuwaonyesha watu ustadi wake wa kupanda farasi katika uwanja wa wazi, upande wa kusini wa mto Thames. Alimkimbiza farasi kwa mzunguko, tena kwa sababu maalumu. Farasi anapozunguka, mpandaji huegemea ndani, mwendo humsukuma nje, na kati ya nguvu hizo mbili hupata uwezo wa kusimama mgongoni bila kushika kitu. Duara la sarakasi, ambalo baadaye lilitulia kwenye kipimo cha futi 42, yaani karibu mita 13, lilichorwa na kwato. Astley akaongeza wabinukaji, watembea juu ya kamba na wachekeshaji, wajaze nafasi kati ya zamu moja ya farasi na nyingine.

Kwa hiyo farasi aliandika mambo matatu katika fani hii. Kwanza aliandika nafasi: duara lililozungukwa na watazamaji pande zote. Pili aliandika muda: onyesho la vipande vinavyojitegemea, kila kimoja na kilele chake na makofi yake. Tatu aliandika uhusiano: chini yuko anayebeba, ambaye hatajwi, juu yuko anayebebwa, ambaye anashangiliwa. Simba na chui walipoingia katika karne ya 19, uhusiano huo ukawa mkali zaidi. Mmarekani Isaac Van Amburgh alijipatia umaarufu katika miaka ya 1830 kwa kuingiza kichwa chake kinywani mwa simba, na Malkia Victoria alikwenda kumtazama zaidi ya mara moja mwaka 1839. Kilichoonyeshwa pale kilikuwa utawala. Hofu ya watazamaji ilitegemea jambo moja: huenda leo mnyama akakataa.

Hata ubunifu uliomtegemea binadamu pekee uliingizwa katika mpangilio huo. Jules Léotard, aliyeruka kutoka bembea moja hadi nyingine mjini Paris mwaka 1859, alileta kitu kipya kabisa: mwili uliokabidhiwa hewa. Lakini bembea yake iligeuzwa zamu mojawapo katika ratiba ya jioni, iliyofungwa kwa kilele na mkono ulionyooshwa.

Ndiyo maana kumwondoa mnyama hakufanani na kufuta jina moja kwenye orodha. Aliyeondoka ndiye aliyekuwa mbebaji. Pamoja naye ziliondoka sababu ya duara, sababu ya ratiba ya vipande, na masimulizi ya mtu aliyemshinda kiumbe mwenye nguvu kuliko yeye. Sheria zimesaidia kulilinda pengo hilo lisizibwe kwa njia ya zamani: Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote katika sarakasi mwaka 2009, Uingereza ikawakataza wanyamapori katika sarakasi zinazosafiri kuanzia mwaka 2020, na Ufaransa ilipitisha mwaka 2021 sheria itakayowaondoa ifikapo mwaka 2028. Kampuni ya Ringling ya Marekani ilistaafisha tembo wake mwaka 2016, ikafunga maonyesho mwaka uliofuata, ikarudi mwaka 2023 bila mnyama hata mmoja. Hatua hizo ni za haki, na mateso ya wanyama yalitosha kuzidai. Hata hivyo sheria husema kisichoruhusiwa tu. Kitakachowekwa mahali pake ni kazi ya watunzi.

Watunzi walikuwa wameanza mapema. Mwaka 1974 shule za sarakasi zilifunguliwa Paris kwa ajili ya watu ambao hawakuzaliwa katika familia za hema. Mwaka 1978 Circus Oz ilianzishwa Melbourne bila wanyama, na wanawake wake wenye misuli waliwabeba wanaume mabegani, jambo lililogeuza swali la nani yuko chini na nani yuko juu. Cirque du Soleil ilizaliwa Québec mwaka 1984. Mwaka 1985 Ufaransa ilianzisha chuo cha taifa cha sarakasi katika mji ambao leo unaitwa Châlons-en-Champagne, na miaka kumi baadaye wahitimu wa chuo hicho, wakiongozwa na mtunzi wa dansi Josef Nadj, walitoa Le Cri du caméléon. Wengi hulichukulia onyesho hilo kuwa mwanzo wa sarakasi ya kisasa, kwa sababu ndani yake zamu moja haikukatwa na nyingine. Ratiba ya farasi ilikuwa imevunjwa.

Kuisoma Möbius

Jina la onyesho linatokana na ukanda unaosokotwa nusu mzunguko kisha ncha zake zikaunganishwa, ukawa na upande mmoja tu. Ukitembea juu yake utapita kila mahali bila kuvuka ukingo. Wanasarakasi 19 wa Compagnie XY wamelichukua umbo hilo kama kanuni ya utunzi. Anayebeba sasa atabebwa baadaye, aliyerushwa atapokea. Hakuna aliyepewa nafasi ya kudumu ya kuwa nyota, wala aliyehukumiwa kuwa ngazi ya wenzake.

Kanuni hiyo inaonekana vizuri zaidi ukiacha kumtazama yule wa juu. Mtazame mbebaji wa chini kabisa. Amebeba uzito wa watu watatu katika mstari mmoja wa mifupa: visigino, magoti, nyonga, uti wa mgongo, mabega. Anasahihisha bila kukoma, kwa mwendo mdogo wa nyayo, na kila sahihisho lake linapanda hadi juu likiwa limekua. Mwinamo wa sentimita moja begani kwake ni yumbo kubwa kwa wa nne. Sarakasi ya zamani iliuficha utetemo huu kwa mavazi ya kung'aa na sauti ya ngoma. Möbius imeuacha wazi. Tunaona misuli inavyofikiri.

Kisha tazama pembeni mwa jukwaa. Kabla nguzo haijaanza kuinama, watu wanaotembea tu, kana kwamba hawana habari, wameshaanza kuelekea mahali ambapo mwili utatua. Hapo ndipo utunzi ulipo. Anguko linatangazwa na wanaokuja kulipokea, tena kwa hatua ambazo mtazamaji wa haraka hazioni. Watunzi wamesema walijifunza kutoka kwa makundi makubwa ya kwenzi, ndege ambao hugeuka angani kwa pamoja bila kiongozi, kila mmoja akiwafuata walio karibu naye. Jukwaani maarifa hayo yanakuwa adabu ya kutazamana: kila mmoja anajua nani yuko nyuma yake.

Mshuko wenyewe una sehemu tatu. Kwanza kuna uamuzi, ule wakati ambapo wa juu anaacha kupambana na mwinamo na kuukubali. Pili kuna safari, ambapo mwili unabaki umenyooka ingawa kila silika inataka kujikunja. Tatu kuna mapokezi: mikono imeinuliwa ili ianze kupunguza kasi mapema, magoti yanakunjika, uzito unagawanywa kwa watu kadhaa hadi hakuna anayeumizwa nao. Sehemu hizo zinadumu kwa sekunde chache tu, lakini zimepangwa kwa uangalifu wa ubeti. Mshairi wa Kiswahili hawezi kuuacha ubeti hewani. Lazima aufikishe kwenye kituo, na kituo ndicho kinachotuambia mishororo iliyotangulia ilikuwa ikielekea wapi. Mnara usiotungiwa mshuko ni ubeti uliokosa kituo.

Onyesho hilo lina kasoro yake pia, nayo inatoka kwenye uzuri wake. Katika baadhi ya sehemu mtiririko unakuwa laini mno, anguko linazoeleka, na macho yanaanza kuona mawimbi badala ya watu. Ukilinganisha na kazi ya kundi hilohilo ya mwaka 2014, Il n'est pas encore minuit, tofauti ni dhahiri. Onyesho lile, lenye watu 22, linaanza kwa ugomvi: watu wanasukumana, wanakamatana, wanaangushana. Kisha vitendo vilevile vya mikono, kukamata, kusukuma, kuinua, vinaanza kubadilika kuwa msaada, hadi minara inaota kutoka kwenye vurugu. Pale tunajua kushika kulitokana na nini. Tumeona mkono ukidhuru kabla ya kuuona ukiokoa, na kwa hiyo kila mapokezi yana thamani ya patano. Möbius imepata ufasaha mkubwa zaidi, lakini imepoteza kiasi fulani cha sababu.

Sakafu inayokataa

Mtunzi mwingine wa Kifaransa, Yoann Bourgeois, amelichukua suala hilohilo na kumwondoa hata mbebaji. Katika Celui qui tombe, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Lyon mwaka 2014, watu sita wamewekwa juu ya jukwaa la mbao la mraba linaloweza kuinamishwa, kuzungushwa na kuning'inizwa kwa kamba za chuma. Hawana zana nyingine. Hawapigi samasoti, hawaonyeshi ustadi unaotajika kwa jina. Kazi yao ni kujaribu kusimama.

Jukwaa linapozunguka kwa kasi, wote sita wanaegemea ndani, na miili yao inalala hewani kwa pembe ambayo mtu aliyesimama penye utulivu angeanguka nayo papo hapo. Hii ni fizikia ileile ya duara la Astley. Mpandaji farasi aliitumia ili asimame na kushangiliwa. Hapa watu sita wanaitumia ili wasitupwe nje. Kifaa cha ushindi kimegeuzwa kuwa kipimo cha uvumilivu. Wimbo wa Frank Sinatra kuhusu mtu aliyeishi kwa njia yake mwenyewe unasikika huku hakuna hata mmoja juu ya ule mraba anayeweza kuchagua njia: wakimbie au waegemee, sakafu ndiyo inayoamua. Mwishoni jukwaa linasimama wima, watu wananing'inia ukingoni, na mikono inapochoka wanaachia, mmoja baada ya mwingine.

Kazi hii haina kilele chochote cha kupigiwa makofi. Ina mshuko tu, uliorefushwa kuwa onyesho zima. Bado inatia hofu kuliko mtu na simba wake, kwa sababu mpinzani hana nia mbaya wala hawezi kufugwa. Uzito wa mwili hausikilizi amri. Pale ambapo sarakasi ya wanyama iliuliza kama mtu ataweza kutawala, Bourgeois anauliza mtu afanye nini anapojua kwamba hatatawala. Jibu lake liko katika matendo madogo: mmoja anamshika mwenzake kiuno, wawili wanabadilishana nafasi ili mraba usiinamie upande mmoja.

Wahakiki wa Kiswahili tumelelewa katika utaratibu wa kuigawa kazi kuwa fani na maudhui, na utaratibu huo umetufaa sana kwa riwaya na tamthilia. Katika kazi kama hizi mgawanyo huo hauna pa kushika. Hakuna kisa cha kufupisha wala mhusika mwenye jina. Ukiulizwa maudhui ya nguzo inayolala mikononi mwa watu, utalazimika kueleza inavyolala: nani alisogea, lini, mikono mingapi. Ukimaliza kueleza hayo utakuwa umeshasema maana yake.

Wapo waliouelewa uzito wa mshuko nje ya sarakasi. Katalunya, nchini Hispania, watu hujenga minara ya binadamu iitwayo castells, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2010 kuwa urithi wa binadamu. Mtoto akifika juu na kuinua mkono, mnara umetimia, lakini kazi haijaisha. Mnara ulioporomoka baada ya kutimia hupata alama pungufu kuliko uliobomolewa kwa utaratibu, mtu mmoja mmoja, hadi wote wakawa chini salama. Jamii nzima imekubaliana kwamba kushuka ni sehemu ya tendo.

Kinyume chake, kampuni nyingi zilizomwondoa mnyama zimebaki na sentensi yake. Cirque du Soleil imefanya mengi makubwa: imeuthibitishia ulimwengu kwamba mwili wa binadamu, muziki na mwanga vinaweza kuwajaza watu hemani bila mnyama, na imewapa riziki wanasarakasi wa mataifa mengi. Lakini katika maonyesho yake mengi muundo wa zamu ungali uleule: ugumu unapanda, kilele kinafika, mikono inanyooka, mwanga unazima. Vazi linafunika uzito. Mbebaji amegeuzwa kiumbe wa ndoto, na jasho lake haliingii katika maana ya tunachokiona.

Mnara wetu

Historia hii husimuliwa kama vile ilitoka Paris kwenda Montréal ikaishia hapo. Afrika Mashariki ina sura yake. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwapeleka vijana China wakajifunze sarakasi, na waliporudi mwaka 1969 likaundwa kundi la taifa. Hiyo ilikuwa sarakasi ya miili, sahani, viti na minara ya watu, kwa sababu mapokeo ya Kichina hayakuhitaji farasi ili yawe kamili. Waaustralia walipata mafunzo kama hayo kutoka kwa walimu wa Nanjing mwaka 1983. Kwa maneno mengine, Dar es Salaam ilikuwa na sarakasi ya taifa isiyotegemea wanyama miaka tisa kabla ya Circus Oz na miaka kumi na mitano kabla ya Cirque du Soleil. Mapokeo hayo ya mafunzo yana makao Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, na Nairobi taasisi ya Sarakasi Trust, iliyoanzishwa mwaka 2001, imewafunza vijana ndani ya jengo lililokuwa sinema mtaani Ngara.

Piramidi yao ni kazi ya fani kamili. Mmoja anajikita chini, magoti yamekunjwa kidogo, miguu imepanuka. Wengine wanapanda mapajani, mabegani, wanajitanua pembeni wakishikana mikono, hadi uzito wa watu kadhaa unapita katika nyayo mbili. Midundo inawaendesha, na kila pigo lina mtu wake wa kupanda. Ustadi huo umewapeleka wanasarakasi wa Kenya na Tanzania kwenye majukwaa ya Ulaya na Asia. Tatizo liko katika dakika inayofuata. Kwa kuwa kazi nyingi wanazopewa ni za sikukuu, hoteli na matangazo, piramidi inapimwa kwa kilele chake: picha ipigwe, makofi yalie, watu waruke chini, zamu nyingine ianze. Mshuko, ambao umebeba nusu ya maarifa yao, unatupwa. Mteja anayelipia dakika tano amewaandikia fani kwa ukali uleule ambao farasi alimwandikia Astley.

Wamorocco wameonyesha kwamba njia nyingine ipo. Kundi la wanasarakasi la Tangier, warithi wa mapokeo ya karne nyingi yanayohusishwa na walii Sidi Ahmed ou Moussa, lilifanya kazi mwaka 2004 na mtunzi wa Kifaransa Aurélien Bory katika onyesho la Taoub. Piramidi zao za ufukweni zilibaki, lakini zilipewa muda. Kitambaa kikubwa kilikuwa ukuta, kikawa kivuli, kikawa ngozi ya kurushia watu hewani na kuwadaka tena, na hivyo mapokezi yakapata umbo linaloonekana. Mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini jicho la kupanga lilitoka nje. Jibu linalotufaa sisi ni kulikuza jicho hilo nyumbani, kwa watunzi wanaoijua piramidi kwa mabega yao.

Wapo watakaosema kwamba watu hulipia msisimko, na kwamba mshuko wa taratibu utawachosha. Möbius inalijibu pingamizi hilo kwa vitendo: nguzo inayolala inatisha zaidi ya nguzo iliyosimama, kwa sababu aliyesimama ameshashinda, na anayeanguka bado anahitaji watu. Msisimko hauondoki. Unabadilisha anwani, kutoka kwa shujaa mmoja kwenda kwa wote walio chini yake.

Ombi langu kwa walimu wa Bagamoyo na Ngara ni dogo na linawezekana leo: mwanafunzi apimwe kwa namna anavyoutunga mshuko kwa bidii ileile anayopimwa nayo kwenye kupanda. Kwetu wahakiki deni ni kubwa zaidi, kwa kuwa sanaa hii imeishi kwa zaidi ya nusu karne miongoni mwetu karibu bila kuandikwa. Tuiandike kwa uzito tunaowapa washairi. Na tunapoutaja mnara, tuanze na jina la aliyesimama chini.